Makro ikuonyeshe kosa, kurekebisha ni kazi yako

Jumamosi moja saa mbili usiku nilipigiwa simu na dada mmoja aliyekuwa ametufanyia kazi ya promosheni wiki nzima. Hakuwa na hasira. Aliniuliza tu kwa upole, "Ama mimi sikuwa kwenye orodha?" Wenzake wote walikuwa wamelipwa tangu saa kumi. Yeye alikuwa anangojea hiyo pesa alipe kodi ya nyumba.

Alikuwa kwenye orodha. Shida ilikuwa jina. Kwenye rejista yetu aliandikwa Achieng, na mimi kwa haraka zangu nikaandika Acheing kwenye shiti ya malipo. Shiti hiyo ilikuwa inatafuta nambari ya simu kwa kutumia jina, ile fomyula ya VLOOKUP. Excel haikumpata Acheing popote, ikaweka #N/A mahali pa nambari. Mimi nikadhani ni ile mistari mitupu ya chini, nikafuta kila mstari wenye #N/A, nikapakia faili. Herufi mbili zimebadilishana nafasi, na mtu amekosa mshahara.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia tahajia ni mambo ya walimu wa lugha, nakataa. Kama unalipa watu kwa faili moja, iwe ni vibarua wa shamba, wanachama wa chama au wauzaji wako, tahajia ni pesa.

Sasa, Excel ina kikagua tahajia chake. Bonyeza F7 utakiona. Wengi hatukitumii kwa sababu Excel haichori mstari mwekundu chini ya neno kama Word. Tena shiti ikiwa imefungwa ili watu wasiichezee, F7 haikagui kitu. Hapo ndipo watu hutumia makro, yaani maagizo unayoiandikia Excel mara moja, halafu inayarudia kila ukiiambia. Makro inaweza kufungua shiti, ikaikagua, kisha ikaifunga tena bila wewe kuhangaika. Ni kitu kizuri, na kwa safu ya maelezo au ujumbe wa kutumia wateja, itumie.

Lakini kwa majina ya watu, maoni yangu ni kwamba hicho kikagua hakitusaidii, na kinaweza hata kutudanganya. Kamusi yake ya Kiingereza haimjui Nekesa wala Mutua. Itakusimamisha kwa karibu kila jina, na ukifika la kumi utachoka uanze kupuuza yote. Na kama unaandika majina kwa herufi kubwa, kama wengi wetu tunavyofanya, ni mbaya zaidi. Excel isipobadilishwa mipangilio huruka maneno ya herufi kubwa. Itakuambia imemaliza, kumbe hayo majina haikuyaangalia. Halafu kuna Wanjiku na Wanjiru. Yote mawili ni majina sahihi. Hakuna kamusi duniani itakayokuambia uliyekusudia kumlipa ni yupi.

Kwa hivyo kamusi yako iwe rejista yako. Weka majina ya watu wako wote kwenye shiti moja uiite Rejista, majina yakiwa kwenye safu ya kwanza. Kisha bonyeza Alt+F11, ingia Insert, chagua Module, na uandike hivi:

Sub KaguaMajina()
Dim c As Range
For Each c In Selection
If Application.CountIf(Worksheets("Rejista").Columns(1), c.Value) = 0 Then c.Interior.Color = vbYellow
Next c
End Sub

Rudi kwenye shiti ya malipo, chagua seli zenye majina tu, bonyeza Alt+F8 na uendeshe KaguaMajina. Jina lolote lisilo kwenye rejista litapakwa rangi ya manjano. Acheing angeonekana hapo hapo. Hata jina lililoachiwa nafasi tupu mwishoni, ambayo kwa macho huwezi kuiona, litapakwa pia. Ukisharekebisha, toa hizo rangi kisha uendeshe tena mpaka kusiwe na manjano. Faili uihifadhi kama .xlsm, la sivyo makro yako itapotea.

Kuna rafiki yangu mmoja mjuaji wa Excel aliniuliza, "Si uiambie irekebishe yenyewe tu?" Hapo ndipo tunapotofautiana. Kwanza, makro ikishabadilisha shiti, Ctrl+Z haikurudishi nyuma. Pili, chukua mtu aliyeandikwa Wanjiu. Makro itamfanya Wanjiku ama Wanjiru? Yoyote itakayochagua, shiti itaonekana safi, na hutakuwa na sababu ya kuiangalia tena. Mtu aliyerukwa atakupigia simu, kama huyo dada. Lakini pesa ikienda kwa asiye wake, sasa ni wewe unabembeleza mtu akurudishie, na yule wa haki bado anangoja. Kati ya hayo makosa mawili, mimi nachagua manjano.

Na tusiipe makro sifa isiyo yake. Haijui kama nambari ya simu ni sahihi. Kama jina liliandikwa vibaya kwenye rejista, itasema liko sawa. Kama una watu wawili wenye jina moja, haitawatofautisha, kwa hivyo wape nambari za uanachama na utafute kwa hizo. Unapomwandikisha mtu, mwombe kitambulisho na uandike jina kama lilivyo pale. Usiandike ulivyolisikia.

Jambo la mwisho, usichukue faili yenye makro kutoka kwa kikundi cha WhatsApp ukaifungua kwenye kompyuta unayolipia watu. Makro ni maagizo, na kuna watu wanaandika maagizo ya kuiba. Ndio maana mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti. Ukiona lile onyo na hujui faili imetoka wapi, liheshimu. Hizo laini sita hapo juu unaweza kuziandika kwa mkono wako mwenyewe.

Yule dada nilimlipa usiku huo huo na nikamwomba msamaha. Alisema hakuna shida, lakini wiki iliyofuata alipofika kazini kitu cha kwanza aliniambia ni, "Leo niandike vizuri." Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka sana.

Kabla ya kupakia malipo ya mwezi huu, endesha hiyo makro mara moja. Ukiona manjano, usiifute tu ndiyo faili ipite. Pigia mtu simu umuulize jina lake linaandikwaje.