Tusisingizie Ramani

Siku hizi kila kijiwe kina mtaalamu wake wa vita. Ukigusia tu Urusi na Ukraine, mshikaji anachora mchangani kwa kijiti, halafu anatoa hukumu: "Mrusi hana ujanja bwana, jiografia ndiyo imemlazimisha." Na sisi tunaojiita waandishi chipukizi tunaitikia kana kwamba tumefunuliwa siri nzito. Mimi nakataa.

Kwanza tumpe Mrusi haki yake. Itazame dunia ukiwa umesimama Moscow. Upande wa magharibi hakuna mlima wa kumzuia adui. Ni uwanda mtupu hadi Poland na Ujerumani. Napoleon alipita humo mwaka 1812, akaingia Moscow. Hitler akapita humo kuanzia Juni 1941, na Umoja wa Kisovieti ukapoteza watu wapatao milioni 27. Baharini nako taabu. Bandari nyingi za kaskazini hushikwa na barafu, na meli za Bahari Nyeusi hazitoki mpaka zipite milango ya bahari ya Uturuki. Ndiyo maana Sevastopol, bandari iliyoanzishwa 1783 baada ya Catherine wa Pili kuitwaa Crimea, ina uzito mkubwa kwao. Hofu hiyo ni ya kweli. Aliyezika watu milioni 27 hafundishwi kuogopa.

Lakini hofu ni kitu kimoja, na hadithi inayotungwa juu ya hofu ni kitu kingine. Baada ya 1991 Moscow iliziita jamhuri zilizojitenga "ng'ambo ya karibu", kana kwamba hizo ni nchi nusu. Mwaka 1997 Aleksandr Dugin akatoa kitabu chake cha siasa za kijiografia, kinachoigawa dunia kati ya dola za nchi kavu na dola za baharini, maadui wa kudumu. Cha kuchekesha, mawazo hayo yana babu yake Mwingereza, Halford Mackinder, aliyeyatoa London mwaka 1904! Mwaka 2016, kwenye hafla ya Chama cha Jiografia cha Urusi, Putin alimwambia mtoto mmoja kuwa mipaka ya Urusi haiishii popote, kisha akasema ni utani. Watu wakacheka. Lakini Crimea ilikuwa imekwisha kutwaliwa 2014. Julai 2021 akaandika makala ndefu akidai Warusi na Waukraine ni taifa moja. Februari 24, 2022 majeshi yakavuka mpaka. Utani gani huo jamani?

Sasa tuulizane. Uwanda ule ni wa Mrusi peke yake? Mpolandi na Mkraine hawaishi humo humo? Mamilioni ya Waukraine wamo katika wale milioni 27. Mbona hofu yao haihesabiwi? Halafu, Moscow ina silaha za nyuklia tangu 1949. Nani leo ataiendea kwa farasi kama Napoleon? Na matokeo je? Vita vilisemwa ni vya kuisukuma NATO mbali. Aprili 2023 Finland ikajiunga na NATO, pamoja na mpaka wake na Urusi wa kilometa zipatazo 1,340. Hakuna mlima uliohama wala mto uliogeuka. Walioamua ni watu, na watu hao wana majina.

Mtasema yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana! Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na siku chache baadaye akatangaza kuitwaa ardhi yote ya kaskazini ya mto, eti Mto Kagera ndio mpaka wa asili. Ramani ilikuwa upande wake: mto upo, na mpaka wa wakoloni ulikuwa mstari tu uliopigwa kwa rula. Nani kijiweni kwetu atasema Amin hakuwa na ujanja? Tukiikubali hoja hiyo kwa mkubwa wa Moscow, tusilie siku jirani atakapolihitaji ziwa letu au bandari yetu. Viongozi wa Afrika walilijua hilo walipokubaliana Cairo, mwaka 1964, kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Na balozi wa Kenya, Martin Kimani, alilikumbusha Baraza la Usalama jambo hilo Februari 21, 2022, siku tatu kabla ya mabomu.

Warusi wenyewe wana mwandishi wa kutufundisha. Tolstoy alikuwa askari Caucasus, akapigana na Sevastopol. Uzeeni akaandika Hadji Murat, kilichotoka 1912 akiwa amekwisha kufa. Humo askari wa Urusi wanateketeza kijiji cha Wachechen, na msomaji anarudi na mwenye nyumba kuona mizinga ya nyuki iliyoungua na maiti ya mwanawe. Kwa majemadari, pale palikuwa doa kwenye ramani. Tolstoy akatuonyesha palikuwa kwa nani.

Hiyo ndiyo kazi yetu, wenzangu mnaoota riwaya. Mkubwa akitamka "eneo la usalama", sisi tuulize nani analala humo, anaitwa nani, na jana alipika nini. Tukishindwa hata kuuliza, basi tusijiite waandishi, tukawe wapiga debe wa majemadari. Anayebisha na aandike. Kurasa zipo.