Bei ya stima ikipanda, mapafu huumia

Ukifika Ekero, karibu na Mumias katika Kaunti ya Kakamega, usidhani kwamba kila nyumba iliyounganishiwa stima imeachana na koroboi. Tokeni zikiisha kabla ya mwisho wa mwezi na mfuko ukiwa mtupu, mafuta ya taa hurudi mezani. Mtoto anayefanya kazi ya shule ndiye huvuta moshi wake.

Moshi huo si wa kupuuzwa. Mwaka wa 2014, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri watu wasitumie mafuta ya taa nyumbani. Masizi yake hudhuru mapafu, taa zake huunguza watu, na watoto huyanywa wakidhani ni maji.

Sasa tazama bei ya stima inavyobadilika. Tangu Novemba 2018, aliyetumia hadi yuniti 100 kwa mwezi nyumbani alilipa bei nafuu. Aprili 2023, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) iliteremsha kiwango hicho hadi yuniti 30. Juu ya bei ya msingi huongezwa ushuru, gharama ya mafuta ya mitambo na tofauti ya thamani ya shilingi. Hizo mbili za mwisho hubadilika kila mwezi, ndiposa pesa zile zile hununua yuniti nyingi leo na chache kesho.

Huenda ukasema yuniti 30 zinamtosha maskini. Kweli, balbu ya wati 10 ikiwaka saa tano kila usiku hutumia yuniti moja na nusu tu kwa mwezi. Lakini wako wapangaji wanaotumia mita moja kwa pamoja. Vyumba sita vyenye balbu moja moja, na televisheni tatu za wati 60 zikiwashwa muda huo huo, hutumia yuniti 36. Hapo wote hutozwa bei ya juu, ingawa hakuna tajiri kati yao.

Wapo watakaodai kwamba kupunguza bei ni hasara kwa kampuni ya stima. Je, nimonia na majeraha ya moto hutibiwa bure? Kiwango cha bei nafuu kirudishwe kuwa yuniti 100. Nawe mpangaji, mwombe mwenye ploti kila chumba kiwe na mita yake. Kinga ni bora kuliko tiba.