Ukimtoa kichanga, hesabu ya Taifa inavurugika

Wiki hii nina kesi ya namba. Usikimbilie ukurasa wa michezo, hakuna mtihani hapa!

Agosti 2022 nilikuwa Binza kwa shangazi. Karani wa Sensa alipopiga hodi, shangazi akawataja wote waliolala pale nyumbani, ila kichanga cha binamu yangu akakiruka. Nikamnong'oneza, "Shangazi, na mtoto je?" Akanitolea macho: "We! Mtoto hahesabiwi kama ng'ombe. Hata kitovu hakijadondoka!"

Mimi na kimbelembele changu nikamwambia karani. Lo, ikawa kasheshe! Shangazi akaninunia, ugali nikawa najisongea mwenyewe.

Oktoba 31, 2022, Rais Samia akatangaza matokeo pale Dodoma: Tanzania tuko watu 61,741,120. Wanawake 31,687,990, wanaume 30,053,130. Kina dada mmetuzidi, hongereni.

Nikachukua kalamu, nikaibana ile namba. Inagawanyika kwa 2, 4, 5, 7, 8 na 10, habaki mtu. Kwa 3 inagoma: jumlisha tarakimu zake zote, unapata 22, na 22 haigawanyiki kwa 3. Ukiichambua mpaka kwenye namba tasa, unapata 2 mara sita, halafu 5, 7, 43 na 641. Zizidishe zote, wanarudi watu wale wale.

Tena tarakimu zake nne za mwanzo ni 6174. Hiyo namba ina ulozi wake, aliyeugundua ni mwalimu wa shule wa India, Kaprekar, mwaka 1949. Chukua tarakimu nne zisizofanana zote. Zipange kutoka kubwa kwenda ndogo, kisha kinyume chake, utoe. Rudia, na sifuri usizitupe. Haivuki mara saba, utafika 6174. Jaribu mwaka wenyewe wa Sensa: 2220 toa 0222 ni 1998. 9981 toa 1899 ni 8082. 8820 toa 0288 ni 8532. 8532 toa 2358... malizia mwenyewe. Pale kijiweni nimeshakula soda za watu kwa mchezo huu.

Sasa mtoe yule kichanga. Inabaki 61,741,119. Namba zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1, kwa hiyo 2, 5 na 7 zote zinakataa hapo hapo. Wapange watu mistari ya saba saba: mstari wa mwisho una watu sita na pengo moja. Pengo la mtoto wa Binza!

Juzi nilimweleza shangazi habari ya hilo pengo. Akanyamaza, akamtazama mtoto anayefukuza kuku uani.

"Kumbe na yeye yumo?"

"Yumo, shangazi."

Akacheka mwenyewe. Ila ugali, jamani, bado najisongea. Tukutane wiki ijayo!