CV yako, maisha ya mwingine



Exetat ikipita tu, wengi wetu watabeba dosie na kuanza kuzunguka mjini kutafuta kazi. Kazi zenyewe zimepunguka. Mwezi wa Januari 2025 vita iliingia Goma, na mwaka ule ule Marekani ilifunga USAID, shirika lililokuwa linatoa feza kwa miradi mingi ya huku Kivu. Sasa kwa nafasi moja makaratasi ni mengi sana, na mwenye kuyasoma anatafuta sababu ya kuweka yako pembeni. Mara nyingi sisi wenyewe tunampa sababu hiyo.

Inaanzia sekretariati, pale tunapolipa ili watupigie CV kwa mashine. Kijana wa kompyuta anafungua CV ya mteja wa jana, anafuta jina, anaweka lako. Mengine yanabaki ya yule wa jana: anapenda kusoma, muziki na mpira; Kiingereza anasema "vizuri sana"; hata tarehe ya kuzaliwa pengine si yako. Ukiuliza anakujibu: "Acha tu, njo vile bote banaandikaka." Basi mkubwa wa kazi anapokea CV makumi mawili za mtu mmoja mwenye majina makumi mawili! Soma kila mstari mbele ya kulipa. Kama neno fulani huwezi kulieleza kwa kinywa chako, lifutwe.

Lakini mimi naona kosa kubwa zaidi ni haya. Kuna mwenzetu anayesukuma chukudu ya makala kila likizo. Kuna binti anayeuza sambaza na mama yake kule Kituku, na ndiye anayeshika daftari ya madeni. Wakiandika CV, hayo yote hayaonekani. Mahali pake wanaandika "stage" ya miezi mitatu katika ONG ambayo hata mlango wake hawaujui. Mkubwa wa kazi akipiga simu moja tu, mambo yamekwisha. Na ile chukudu ilikuwa kazi kweli: mzigo ulifika mzima, feza ilihesabiwa, mwenye mali akamwita tena. Daftari ya madeni nayo ni kazi ya kashie. Andika hivyo, kwa maneno mafupi, na miaka yake.

Tena kuna mambo ya kujaza ukurasa. Baba, mama, kijiji, sekta, teritwari, hata kabila: nusu ya karatasi imekwisha na bado hatujui unaweza kufanya nini. Tangazo la mlinzi wa depo haliulizi kabila, na katika mji kama wetu mimi nasema tusiliandike wasipoliomba. Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia, karibu mwaka wa 1482 aliandika barua ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milano. Alijua bwana yule anafikiri vita, kwa hiyo akaanza na madaraja mepesi na mizinga. Uchoraji, ambao dunia nzima inamkumbuka kwa huo, aliuweka karibu na mwisho.

Halafu ule mstari wa chini kabisa: tunaapa kwa heshima yetu kwamba maelezo yote ni ya kweli, na sahihi. Aliyepata asilimia 53 ameandika 63, kisha anaapa! Palmaresi ya Exetat inatangaza majina na asilimia, na diploma yenyewe inabeba hesabu ile. Sisi wa shule ya Kiprotestanti tunaapa rahisi namna hii?

Wengine watasema kazi hapa Goma ni ya kujuana, CV ni sherehe tu. Siwezi kukana kwamba kujuana kuko. Lakini mjomba anayekubali kupeleka dosie yako anaweka jina lake juu yake. Ukimletea uongo, mara ya pili hatabeba ya mdogo wako.

Namba ya simu iwe ile inayowaka, si ya kaka aliyekwenda Bukavu. Na emeli iwe na jina lako, si ya "mtoto mzuri".

Alhamisi nyuma ya masomo tukutane katika darasa letu. Kila mtu alete CV aliyoandika kwa mkono, tusomeane mbele ya kwenda sekretariati. Tunaomba mwalimu mmoja wa Kifaransa atukubalie saa moja.

Kiongozi wa wanafunzi, finalisti