Aiskrimu ya nyumbani: Mashine haichemshi maziwa

Mashine ya umeme ya kutengenezea aiskrimu, ile ndogo inayokaa juu ya meza ya jikoni, huingia katika nyumba za Moshi kwa njia mbili. Ama imenunuliwa baada ya watoto kusumbua likizo nzima, ama imekuja kwenye mzigo wa shangazi aliyeko ughaibuni, imezungushiwa mashuka na viatu vya watoto. Kwa vyovyote vile, Jumamosi ya kwanza baada ya kufika hakuna mtoto anayelala mchana.

Ni kifaa kizuri kwa familia. Mzazi anajua kilichotiwa ndani, jambo asiloweza kulisema kuhusu barafu nyekundu inayouzwa nje ya geti la shule. Anapanga mwenyewe kiasi cha sukari, na ndizi iliyoanza kuwa na madoa meusi, ambayo ingeishia kwa kuku, inapata kazi.

Tatizo liko kwenye kijitabu cha maelekezo. Kimeandikwa kwa ajili ya mtu anayenunua maziwa ya pakiti, yaliyokwisha kupashwa moto kiwandani. Kwa hiyo kinasema: changanya maziwa, krimu na sukari, mimina, washa. Video nyingi za kwenye simu zinasema hivyo hivyo. Lakini maziwa ya nyumba nyingi za Moshi hayatoki kwenye pakiti. Yanashuka asubuhi kutoka Kibosho, Uru au Old Moshi ndani ya ndoo na madumu, yametoka kwa ng'ombe anayefugwa zizini katikati ya migomba na kahawa. Anayeishi huko juu kihambani hata hayasubiri yashuke. Anatuma mtoto kwa jirani na chupa.

Kwa kawaida hilo halimdhuru mtu, kwa sababu maziwa hayo huishia kwenye sufuria ya chai au ya uji. Moto unafanya kazi yake bila mtu kuuwazia. Aiskrimu ndiyo inayoruka hatua hiyo. Maziwa mabichi yanatoka kwenye dumu, yanaingia kwenye mashine, kisha kwenye bakuli la mtoto wa miaka minne.

Wapo wanaojipa moyo kwamba baridi ya friza itaua vijidudu. Haiviui. Baridi huwazuia bakteria kuzaliana, lakini wengi wao hubaki hai ndani ya barafu na huendelea na kazi yao wanapofika tumboni. Ndiyo maana maabara zinazotaka kuwatunza bakteria kwa miaka huwaweka kwenye majokofu ya baridi kali.

Kwa mkoa wa Kilimanjaro, hii si hadithi ya mbali. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi mjini Moshi, kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watoto na watu wazima. Wagonjwa 528, sawa na asilimia 60.7, walikuwa wameandikiwa kwamba wana malaria. Vipimo vya kina vilipofanyika, malaria ilithibitika kuwa chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 tu. Miongoni mwa magonjwa yaliyogundulika ni yale yanayotoka kwa wanyama, ukiwamo ugonjwa wa brusela. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013.

Brusela ndiyo inayopaswa kumfikirisha mzazi mwenye mashine ya aiskrimu. Ng'ombe au mbuzi aliyeambukizwa anaweza kutupa mimba, lakini anaweza pia kuonekana mzima kabisa huku maziwa yake yakibeba bakteria. Kwa binadamu, ugonjwa huanza kama homa nyingine yoyote: mwili unachemka, unapoa, unachemka tena, jasho usiku, viungo na mgongo kuuma, uchovu usioisha. Dalili zinaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kunywa maziwa, wakati ambapo hakuna anayekumbuka tena aiskrimu ya Jumamosi ile. Tiba ipo, ila ni ya dawa zaidi ya moja na kwa kawaida huchukua wiki sita. Kumnywesha mtoto dawa kwa wiki sita ni adhabu kwa nyumba nzima. Maziwa mabichi yanaweza pia kubeba kifua kikuu cha ng'ombe, pamoja na bakteria wa kuharisha wanaotoka kwenye mikono na vyombo vya kukamulia. Mzazi ambaye mtoto wake ana homa isiyoeleweka, na nyumbani wanatumia maziwa ya jirani, amwambie daktari habari ya maziwa bila kusubiri kuulizwa.

Hakuna sababu ya kugombana na jirani anayefuga. Maziwa yake ni mazuri, yana malai ya kutosha, na kwa aiskrimu huwa bora kuliko mengi ya pakiti. Yanachohitaji ni sufuria na moto.

Viwandani maziwa hupashwa hadi nyuzi joto 72 kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa nusu saa. Jikoni, ambako watu wengi hawana kipimajoto, kanuni ni rahisi zaidi: yachemke hadi yafure na kupanda, yakorogwe, yaachwe yachemke dakika chache kwa moto mdogo, kisha yaepuliwe. Kwa wanaoishi juu zaidi mlimani, ni kweli kwamba maji huchemka kwenye joto la chini kidogo kadiri mtu anavyopanda. Moshi mjini ni karibu nyuzi 97 na Marangu karibu 95. Kote huko bado ni juu sana ya 72, kwa hiyo mlima hauharibu hesabu.

Malai yana mtego wake. Anayeyaengua juu ya maziwa mabichi yaliyotulia anaengua na bakteria, kwa hiyo nayo yapitie moto. Njia salama zaidi ni kuchemsha maziwa jioni, kuyapoza, kuyaweka kwenye friji usiku, na asubuhi kuengua malai yaliyoganda juu. Aliyezoea kuyakusanya kidogo kidogo kwa siku tatu nne ayapashe moto tena kabla ya kuyatumia. Asiyetaka shughuli hiyo yote anunue maziwa yaliyosindikwa, yenye lebo na tarehe. Mkoa huu haujawahi kuwa mgeni wa kazi hiyo: huko Nronga, Machame, wanawake wamekuwa na ushirika wao wa maziwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Sasa aiskrimu yenyewe. Kwa mashine ya kawaida ya lita moja na nusu, inatosha nusu lita ya maziwa, kikombe kimoja cha malai, vijiko sita vya chakula vya sukari, vijiko vinne vya maziwa ya unga, chumvi ya kushika kwa ncha za vidole, na ndizi mbili kisukari zilizoiva mno. Maziwa, malai, sukari, maziwa ya unga na chumvi vichemshwe pamoja. Ndizi zipondwe na kuongezwa baada ya mchanganyiko kupoa. Parachichi nalo hufanya vizuri sana, na kwa kuwa lina mafuta yake, malai yanaweza kupunguzwa nusu. Wanaopenda kutumia mayai watie viini vitatu kwenye mchanganyiko wa moto kidogo kidogo huku wakikoroga, warudishe jikoni kwa moto mdogo hadi uzito wake ushike mgongo wa mwiko. Yai bichi halina nafasi kwenye aiskrimu ya mtoto, kwa sababu ya bakteria wa salmonela, hata kama kuku ni wa nyumbani na anajulikana kwa jina.

Sufuria iwekwe kwenye beseni la maji baridi ili ipoe upesi, kisha ifunikwe na kuingia kwenye friji kwa saa nne au usiku kucha. Wengi huikimbia hatua hii, halafu wanailaumu mashine. Mchanganyiko wa vuguvugu huyeyusha ubaridi wa bakuli kabla haujaanza kuganda, na mwisho wake ni maziwa mazito yanayozungushwa kwa saa nzima.

Mashine nyingi za bei nafuu hazina uwezo wa kugandisha zenyewe. Zina bakuli lenye kuta mbili na kimiminika katikati, ambalo linatakiwa kukaa kwenye friza kati ya saa 12 na 24. Likitikiswa na kusikika maji yakicheza ndani, bado halijawa tayari. Kijisehemu cha barafu cha friji ndogo mara nyingi hakifikii baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri inayohitajika. Kwa nyumba yenye friji ya namna hiyo, suluhisho huwa ni kuomba nafasi kwenye friza la duka la jirani, bakuli likiwa limefungwa vizuri kwenye mfuko safi, maana jirani yake humo ndani huenda ni samaki. Aina ya pili ina kompresa yake, ni nzito na ghali, na ikishasafirishwa ikiwa imelala inatakiwa isimamishwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa.

Na ile ya shangazi igeuzwe kwanza isomwe chini. Kama imeandikwa volti 110 au 120 peke yake, ni ya umeme wa Marekani. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa Tanzania wa volti 230, itaungua kabla aiskrimu ya kwanza haijaganda.

Mchanganyiko humiminwa mashine ikiwa tayari inazunguka, la sivyo huganda ukutani na pangaboi hukwama. Kazi ya pangaboi hilo ni kukwangua barafu inayoanza kujijenga pembeni ili ibaki chembe ndogo zisizosikika ulimini, na kuingiza hewa. Kwa kuwa hewa hiyo huifanya aiskrimu ifure, bakuli lisijazwe zaidi ya theluthi mbili. Baada ya dakika 20 hadi 30 inakuwa laini kama mtori uliopoa. Anayetaka iwe ngumu aiweke kwenye friza saa mbili au tatu zaidi.

Kuhusu sukari, mzazi asipunguze yote kwa siku moja. Sukari haikazi utamu tu. Inazuia maji yasigande kama jiwe. Aiskrimu isiyo na sukari kabisa huhitaji kisu. Vijiko sita kwa kiasi kile ni vichache kuliko mapishi mengi ya mtandaoni, na ndizi inaongeza utamu wake. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ambayo mtu anapata kwa siku kutokana na chakula, kwa watoto na watu wazima, kwa hiyo vijiko viwili vitatu vya aiskrimu baada ya chakula vinatosha. Mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili hakosi kitu akipewa ndizi peke yake. Asali isitiwe kama kuna mtoto wa chini ya mwaka mmoja atakayeonja, na karanga nzima zisiwafikie wadogo wanaoweza kupaliwa.

Halafu kuna bibi. Bibi hataki mjukuu ale barafu mwezi wa Juni, ukungu ukiwa umeshuka hadi barabarani, kwa sababu baridi itaingia kifuani. Baridi ina heshima yake katika nchi hii: mmisionari Johannes Rebmann alipouona mlima Mei 11, 1848 na kumuuliza aliyemwongoza ule weupe kileleni ni nini, jibu alilopewa ni kwamba ni baridi. Hata hivyo, nimonia huletwa na vijidudu, na kijiko cha aiskrimu hakiileti. Mtoto mwenye pumu anayekohoa akila kitu cha baridi asilazimishwe, na mwenye koo linalouma huenda akapata nafuu kidogo. Bibi aelezwe kwa upole, au asubiriwe hadi Septemba. Njia zote mbili zinafaa.

Umeme ukikatika, friza lisifunguliwe. Lililojaa hutunza baridi kwa takribani siku mbili likibaki limefungwa, na la nusu kwa siku moja. Aiskrimu iliyokwisha kuyeyuka na kupata joto haigandishwi tena ili iliwe kesho. Inamwagwa, hata kama inauma. Na mama anayefikiria kuanza kuuza kwa wanafunzi wa jirani ajue kwamba usajili wa vyakula sasa uko TBS, ulikohamia mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA.

Kwa nyumba isiyo na mashine wala umeme wa uhakika, ipo njia ya zamani inayofanya kazi ile ile, na kanuni ya kuchemsha kwanza ni hiyo hiyo. Barafu kilo moja iliyopondwa ichanganywe na gramu 300 za chumvi ndani ya ndoo. Chumvi hushusha baridi ya barafu chini kabisa ya sifuri. Mchanganyiko uliopoa uwekwe kwenye kopo la chuma lenye mfuniko unaokaza, lizikwe humo, lizungushwe kwa zamu na kufunguliwa kila baada ya dakika tano kukwangua pembeni. Mfuniko ufutwe kila mara kabla ya kufunguliwa ili chumvi isiingie. Watoto washike kopo kwa taulo, kwa sababu barafu yenye chumvi huunguza vidole.