Tuzipunguze Kengele za Seva Zetu

Ndugu zetu mnaojitolea kutunza seva za shule, za parokia, za misikiti na za vikundi vya vijana, kuanzia Nzega hadi Tabora, Urambo, Kaliua na kule Kigoma: wengi wenu mmeshazima sauti ya kundi la arifa, na hakuna wa kuwalaumu. Simu inayolia usiku kwamba seva imeanguka, punde imesimama, punde imeanguka tena, mwenyewe huishia kuitupa chini ya mto. Lakini siku diski itakapokufa kweli, wa kwanza kujua atakuwa mwalimu, saa mbili asubuhi, darasa zima likimtazama.

Watu wa kanda hii wanajua kuitana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, wizi wa ng'ombe ulizidi na bunduki zikazagaa. Wanavijiji wa Unyamwezi na Usukuma wakaunda sungusungu, vikundi vyao vya ulinzi. Hawakuwa na mshahara. Walikuwa na pinde, mishale na filimbi. Mwano, yaani ukelele wa kuitana, ukipigwa, watu wanatoka, nyayo za ng'ombe zinafuatwa, na kijiji cha jirani kinapokea msako. Asiyeitika alikuwa na kesi ya kujibu. Mwaka 1989 sheria ikawatambua. Sungusungu wana doa lao pia, wapo walioumizwa kwa tuhuma za uchawi, kwa hiyo siombi tuige kila kitu. Naomba tuazime hili tu: watu waliitika kwa sababu mwano haukupigwa kila mbwa alipobweka.

Kengele zetu nyingi zinabweka tu. Seva iko Tabora, programu inayoilinda iko Dar es Salaam au Ulaya, na katikati pana ruta, mnara, Mkongo wa Taifa na umeme unaokatika. Njia moja ikikatika, mlinzi huyo anahesabu seva ishirini kuwa maiti. Mnaikumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Katika hali kama ile, seva ya shule inaweza kuwa nzima kabisa, wanafunzi wanaisoma humohumo ndani ya jengo, na huku simu yako inatangaza msiba.

Kwa hiyo tuifundishe programu kwanza kuuliza habari za njia. Ruta isipoitika, itume arifa moja ya ruta, na zile za seva zilizo nyuma yake zinyamaze. Isipige kengele kwa jaribio moja lililoshindwa. Ingoje majaribio matatu au manne, tena kutoka sehemu mbili tofauti. TANESCO wakitangaza kuzima umeme kwa matengenezo, mtu azime arifa za saa hizo mapema. Diski iliyojaa kwa asilimia 80 haina haki ya kumwamsha mtu saa tisa usiku: iandikwe, isomwe asubuhi. Na kila arifa inayoamsha ieleze mahali, kilichoharibika na hatua ya kwanza. Arifa ambayo hakuna anayejua aifanyie nini, ifutwe.

Kuna mwenzetu atasema afadhali kelele kuliko kukosa. Hapana. Kelele ndiyo kukosa kwenyewe. Ila ukimya nao una mtego wake, kwa maana mlinzi anaweza kufa kimya. Msiiweke mashine yake kwenye soketi ileile na seva anazozilinda, na kila asubuhi atume salamu moja fupi. Salamu isipofika, hapo ndipo pa kushtuka.

Kisha zamu. Sisi ni watu wa kujitolea, wengi tuna kazi za mchana, na kuwaamsha watu kumi ili mmoja ainuke ni kuwachosha tisa bure. Mmoja ashike usiku wake, mwingine awe nyuma yake, waliobaki walale.

Ombi langu: Jumamosi moja mwezi huu, kila kikundi kikae na orodha ya arifa za mwezi uliopita. Someni moja moja na muulizane nani aliifanyia nini. Waiteni na wanafunzi wa vyuo, maana hapo watajifunza mtandao kuliko darasani. Na kabla ya kutawanyika, daftari la zamu lizunguke, kila usiku wa juma uwe na jina.