Mizani ya Haki Hata kwa Tope

Katika Ghuba ya Gazi, Kwale, nchini Kenya, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja hutunza mikoko na kuuza hewa ya ukaa. Mapato yamewasaidia kupata maji na kuboresha shule. Tunawapongeza. Lakini biashara hii inapoenea, na tope la bahari lenyewe kutiwa bei, sisi tunaosoma falsafa hatuna budi kuuliza: tunajuaje kwamba kaboni inaongezeka humo?

Mtafiti huzamisha bomba topeni, hutoa mashapo, huyakata vipande, huvikausha na kuvipima uzito. Huvitia tindikali ili kuondoa chokaa ya matumbawe na makombe, kisha hupima kaboni iliyotokana na majani, mizizi na viumbe. Hapo amejua kiasi tu. Ili kujua kasi, anahitaji saa. Saa hiyo ni risasi-210, ambayo huanguka kutoka angani na kupungua nusu kila baada ya miaka 22 hivi.

Tuseme tope linaongezeka milimita 2 kwa mwaka, kila sentimita moja ya ujazo ina nusu gramu ya mashapo makavu, na asilimia 5 yake ni kaboni. Hizo ni gramu 50 kwa mita ya mraba kila mwaka. Lakini kaa huchimba mashimo na kuchanganya tope jipya na la zamani; saa huvurugika. Tukidhani ni milimita 4, tumeuza gramu 50 zisizokuwapo.

Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba ukweli ni akili kulingana na kitu kilivyo. Basi namba isiyolingana na tope ni uongo, hata ikiwa na nia njema. Naye Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya 2015, alionya kwamba biashara hii inaweza kuwa ulanguzi mpya usiopunguza moshi.

Wapo watakaosema: tukisubiri vipimo, mikoko itakwisha. Hapana. Mikoko hulea samaki na kukinga pwani; kuitunza hakuhitaji kusubiri namba. Kinachohitaji namba ni kuuza. Anayeuza aeleze alivyopima na mashaka yaliyobaki, kwa lugha ambayo mvuvi anaielewa. Maandiko yanakemea mizani ya udanganyifu sokoni. Tusiivumilie baharini, ambako mnunuzi haoni chini.